Hitilafu ya Mchana

Safari hii Sikudhani, mwenyekiti wa kikundi, hakusubiri kiwandani. Alikuja mpaka barabarani, pale magari ya kutoka Singida mjini yanaposhusha abiria wa Ikungi, akasimama na mwavuli wake mpaka Ritha aliposhuka na begi la vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, injinia?"

"Sijambo."

"Mimi ninalo," Sikudhani alisema, wakaanza kutembea. "Wanakikundi wamekaa jana. Hii ni mara ya tatu unakuja. Ukiondoka leo na ikazima tena, ile inveta inang'olewa ukutani, tunarudisha injini ya dizeli. Ilikuwa na moshi, ilikuwa na kelele, lakini haikuwa na herufi."

Ritha hakujitetea. Aliyosema Sikudhani yalikuwa kweli. "Na mzee Calist?"

Sikudhani alifunga mwavuli ingawa jua lilikuwa bado linapanda. "Injini ile inawashwa kwa hendeli. Hendeli inataka mikono miwili. Jibu unalijua, unataka tu nilitamke mimi."

Calist alikuwa mwendesha mashine wa kikundi cha wakamua alizeti tangu siku za dizeli. Kisha akapata kiharusi. Maneno yalirudi, mguu ulirudi ukiburuta kidogo, mkono wa kulia haukurudi. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Umeme wa njia tatu ulipofika kiwandani, kikundi kilinunua mota, na ili mota isianze kwa kishindo ikafungiwa inveta: sanduku la kijivu lenye ukubwa wa begi la shule, linalopokea umeme na kuupeleka kwenye mota polepole kwanza, kisha kwa mwendo unaotakiwa. Lilikuwa na kioo kidogo, kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Kuwasha mashine nzima kulihitaji kidole kimoja. Sikudhani alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Calist kumweleza hivyo, na kesho yake Calist alikuwa mlangoni mwa kiwanda kabla ya mwenye ufunguo.

Joto lilipoanza kukaza mwezi wa tisa, inveta ikaanza kuzima yenyewe. Ilipozima, kioo kiliandika herufi mbili, O na H, ambazo maana yake ni kwamba ndani kumepata moto kupita kiasi. Mashine ilisimama ikiwa imejaa, na mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yaliyobaki kwenye skurubu ya kukamulia yalianza kuganda. Wasipowahi kuiwasha, walilazimika kuifungua na kuyagongoa kwa patasi huku wenye magunia wakisonya uani.

Ritha alikuwa amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alipima umeme unaoingia, akakuta uko sawa, akakaza nyaya. Mara ya pili alifungua feni akitarajia kukuta imezibwa na vumbi la maganda, kwa sababu viwanda vyote vya alizeti alivyowahi kuvihudumia vilikuwa hivyo. Feni ilikuwa safi. Alishangaa kidogo, akafunga. Mara zote mbili aliuliza kama kuna kitu kimebadilika tangu inveta ifungwe, akajibiwa hakuna. Mara zote mbili mashine ilifanya kazi vizuri mbele yake, na mara zote mbili aliaga kabla ya chakula, akisema amekunywa chai nzito, ili awahi kazi nyingine mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Calist alikuwa ameketi kwenye stuli yake chini ya inveta, mkono wa kulia umelala pajani, wa kushoto umeshika fagio fupi. "Mgonjwa wako mzima kabisa. Akikuona tu anapona. Labda tukuoze hapahapa Ikungi, tupumzike."

"Mkinioza nitawagharimu zaidi, baba."

"Hilo nalo kweli," alisema Sikudhani, akaondoka kwenda ofisi za wilaya, akaahidi kurudi jioni kusikia neno la mwisho.

Ritha hakufungua begi. Alivuta kreti la soda, akapanda, akaanza kubonyeza vitufe vidogo vilivyo chini ya kioo. Inveta huweka kumbukumbu ya kila inapozima: imezima kwa kosa gani, na lini. Safari zilizopita alikuwa ameangalia makosa. Leo aliangalia saa. Zote zilikuwa mchana, saa saba na kitu. Hakuna hata moja ya asubuhi, hakuna ya alasiri.

Aliteremka, akakaa juu ya kreti.

"Umepata?" Calist aliuliza.

"Nimepata saa. Sijapata sababu. Baba, mchana huwa mnakamua mbegu tofauti?"

"Mbegu ni hizihizi."

"Mnaongeza mwendo?"

"Siwezi kuongeza mwendo bila wewe, uliniambia nisiguse."

"Jua linapiga ukuta huu?"

"Linapiga ule."

Ritha aliinua macho kwenye bati. Bati lilikuwa la moto, ndiyo, lakini alasiri lilikuwa la moto zaidi, na alasiri mashine haikuzima. Aliyatoa mawazo yake moja moja namna hiyo, kama mtu anayechambua mchele, na kila aliloliokota alikuwa na sababu ya kulitupa. Hakupenda kubahatisha. Katika kazi yake alikuwa ameona mafundi wanaobadilisha kifaa baada ya kifaa mpaka tatizo linaondoka, nao hawajui limeondokea wapi.

"Leo nitashinda hapa," alisema. "Nataka izime nikiiangalia."

"Basi utakula kwetu," Calist alisema, uso ukamkunjuka. "Mama Anastasia atafurahi. Anasema wewe unakimbia ugali wake."

Asubuhi yote Ritha alikaa kwenye kreti. Aliweka kioo kionyeshe joto la ndani, kikawa kinasoma nyuzi hamsini na nane, hamsini na tisa, kikarudi. Alibana waya wa mota kwa kipimo chake. Mzigo ulikuwa uleule. Mlangoni akina mama walipepeta mbegu, na vumbi jepesi jeusi likaelea chumbani, likatua juu ya magunia, juu ya madebe, juu ya nywele za Ritha.

Mchana ulipofika, Calist alisimama. Hakuambiwa na mtu. Alifuta mkono wa kushoto kwenye suruali, akauangalia pande zote mbili, akaufuta tena. Kisha akainua mkono kwenye rafu iliyo nyuma ya mlango, akashusha mfuko wa plastiki ambao Ritha alikuwa ameuona kila alipokuja na hakuwahi kujiuliza una nini.

Ndani mlikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya rangi ya chungwa pembeni, cha aina ile inayofunika redio na televisheni na migongo ya makochi katika kila sebule. Lakini hiki kilikuwa kimefumwa kwa kipimo. Kilikuwa na kona nne za sanduku, na mbele kilikuwa na tundu la mraba lililopindwa vizuri, ili kioo na vitufe vionekane. Calist alikitandaza juu ya inveta kwa mkono mmoja, akakivuta kushoto, akakivuta kulia, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama.

Ritha aliinuka kwenye kreti. Alikuwa ameshanyoosha mkono akiondoe pale mwanamke aliyebeba hotpoti kichwani alipoingia mlangoni. Kabla ya kumtazama mume wake, kabla ya kumwona mgeni, mwanamke yule alitazama ukutani. Alipokiona kitambaa mahali pake, uso wake ukatulia.

Ritha akashusha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo tumekukamata!" Dorkas, ndiye Mama Anastasia, alitua hotpoti. "Baba Anastasia, umemfunga miguu?"

"Kajifunga mwenyewe."

Dorkas aliwanawisha mikono kwa maji ya jagi. Ulikuwa ugali wa mtama, mlenda, na kuku kwa heshima ya fundi, maana Sikudhani alikuwa amepita kumwambia amefika. Upande wa kushoto wa Calist aliweka kijiko, na nyama ya Calist ilikuwa imekwisha kutolewa mifupa. Mashine iliendelea kunguruma, mafuta yakachuruzika ndooni. Ritha alikula akiwa ameelekea ukuta.

Kioo kilisoma sitini na tano.

"Unakiangalia kitambaa changu," Dorkas alisema.

"Naam, mama. Kimefumwa vizuri sana."

"Nimekiwekea na bitana ndani. Kufuma kuna matundu, vumbi la hapa linapita. Nikashonea satini, hata usiku vumbi lisiingie. Hata kama ni mashine, mtu anayekupa kazi humwachi uchi."

Sabini na mbili. Ritha alitafuna polepole. Alikuwa anajua sasa, lakini kujua hakukuwa ushahidi. Kama angekiondoa kitambaa wakati ule, mashine isingezima, naye angeondoka na maneno tu, na wanakikundi walikuwa wameshayachoka maneno. Themanini na moja. Akachukua kipande kingine cha kuku.

Kioo kilipokaribia tisini mngurumo ukakatika. Skurubu ilizunguka kidogo kwa uzito wake, ikasimama. Kwenye tundu la mraba, katikati ya maua ya chungwa, zikatokea herufi mbili.

"Imezima tena!" mtu alipaza sauti uani. "Calist! Leo si yupo injinia wenu?"

"Hata ukiwepo!" Dorkas alisema, akashika kifua. "Jamani. Hata ukiwepo, mwanangu?"

Calist alikuwa amemfuata Ritha kwa macho, na macho ya Ritha yalikuwa kwenye kitambaa. Aliweka kijiko chini. Akasimama, akaenda nje mpaka penye rundo la mashudu, na Ritha akamfuata.

"Ni kile," Calist alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mwambie ni bati."

"Bati lipo na jioni."

"Basi sema ni mimi. Nimebonyeza vibaya. Nina mkono mmoja, watu wataamini."

"Nikisema ni bati au ni wewe, kesho ataleta chakula, utaifunika, itazima. Wiki ijayo mtapiga hendeli."

Calist aligeuza uso. Mguu wake mbovu ulichora mstari kwenye vumbi. "Unajua uzi ule ameutoa wapi? Kwetu kulikuwa na vitambaa vya makochi, alivifuma kabla hatujazaa. Siku niliyoitwa kazini alivifumua vyote. Nikamwambia uzi upo dukani. Akasema huu umeizoea nyumba yetu. Makochi yako wazi mpaka leo. Mwaka mzima mimi nimelala, yeye ananigeuza, ananilisha, ananivalisha. Sina cha kumpa. Akiingia pale akakiona, anafurahi. Hicho ndicho ninachompa."

Ritha aligeukia mlango wa kiwanda. Alisema, "Mashudu yanaganda, baba. Tuingie."

Dorkas alikuwa amesimama mlangoni. "Mnanong'ona nini kwenye mashudu? Kama imekufa, semeni imekufa."

"Haijafa," Ritha alisema. "Mama, naomba mkono wako."

Alimpeleka mpaka ukutani, akainua ukingo wa kitambaa, akauingiza mkono wa Dorkas chini ya satini, juu ya sanduku. Dorkas aliutoa haraka.

"Mama yangu! Inaungua!"

"Ndani yake kuna feni. Inavuta hewa kwa chini, inaitoa kwa juu, hapo ulipogusa. Ndivyo inavyojipoza. Ikizibwa juu, joto linabaki ndani, na likizidi inajizima isiungue."

Dorkas aliangalia mkono wake, kisha kitambaa, kisha herufi mbili ndani ya tundu alilolipinda mwenyewe. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

"Kwa hiyo ni mimi."

Nyuma yao Calist alikohoa. Ritha alijua kwamba hapo ndipo pa kusema hapana, na alijua kwamba hapana ingekuwa uongo.

"Ni kitambaa," alisema. "Na nikwambie jambo jingine, ambalo nalo ni kweli. Safari iliyopita nilifungua feni. Nimefungua inveta nyingi za alizeti, zote zimejaa maganda na mafuta kama sufuria la chipsi. Hii ilikuwa safi. Nilijiuliza kwa nini, sikuuliza mtu. Ilikuwa safi kwa sababu vumbi hutua usiku, nayo usiku inalala imefunikwa."

"Usiku na mchana," Dorkas alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ingefunikwa kutwa, ingezima kutwa. Asubuhi kitambaa huwa kwenye mfuko."

Dorkas aligeuka taratibu. "Mfuko gani?"

Calist alitazama mlango kama mtu anayepima umbali wake.

"Baba Anastasia. Mfuko gani?"

"Asubuhi wanapepeta," Calist alisema. "Vumbi lote linaingia humu. Sikutaka kichafuke. Nakikunja."

"Na nikija?"

"Nakirudisha."

"Na nikiondoka?"

"Ukishavuka pale kwenye mti wa umeme, nakikunja tena. Jioni nikifunga nakivisha."

Dorkas alimtazama kwa muda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Ritha alidhani analia, mpaka kicheko kilipomtoka. "Kwa hiyo kila mchana unanivalishia mashine! Kama mtoto anayevishwa shati la Jumapili, mgeni amefika!" Alimgeukia mume wake, akasema maneno ya haraka kwa Kinyaturu. Ritha, ambaye kwao ni Iramba, alishika machache: mjinga, na mkono, na jina la binti yao. Calist aliinamisha kichwa, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki na nguvu.

"Anastasia alipokuwa mdogo," Dorkas alimwambia Ritha akifuta macho, "alipata homa, nikamfunga mablanketi mawili. Nesi wa zahanati akayavuta. Nikayarudisha. Akayavuta. Tuligombana yule dada na mimi mpaka wagonjwa wengine wakatuamua. Akaniambia, mama, mwachie joto litoke. Nimezeeka, nimerudia palepale."

"Mfunue, mama," Ritha alisema.

Dorkas alishika kona mbili, akakiinua kitambaa kama anavyoinuliwa mtoto aliyelala, akakikunja kifuani. Feni ilikuwa bado inazunguka. Ritha alimwomba asome kioo kwa sauti, ili walio uani wasikie. Dorkas akasoma. Themanini na tano. Themanini. Sabini na sita. Wenye magunia walisogea dirishani, mmoja akaanza kuitikia kila tarakimu kama yuko kwenye mnada, wengine wakamfuata. Ilipofika sitini na sita Ritha aliirudisha skurubu nyuma polepole, mashudu yakaachia kabla hayajakaza. Kisha akasogea pembeni, na Calist akabonyeza kitufe cha kijani kwa kidole chake cha kushoto. Mashine iliondoka taratibu, ikapanda, ikatulia kwenye mngurumo wake.

Ilinguruma alasiri yote. Ritha alikaa kwenye kreti akiitazama, ingawa hapakuwa na la kutazama, na gari la mjini alilokuwa amezoea kuliwahi lilipita.

Sikudhani aliporudi, gunia la mwisho lilikuwa linamiminwa. Alisimama katikati ya chumba, akasikiliza kwanza. "Haya. Nipeni neno la kuwapelekea. Kosa lilikuwa nini?"

"Nilikuwa naifunika mimi," Calist alisema kabla Ritha hajafungua mdomo.

"Mwongo huyo," Dorkas alisema. "Nilikifuma mimi, na satini nikatia mimi."

"Alifuma yeye, aliyekuwa anakiweka mchana ni mimi. Muulize injinia."

"Anakiweka kwa sababu ya nani?"

Sikudhani aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha kitambaa kilichokuwa kifuani kwa Dorkas, kisha Ritha.

"Wote wawili," Ritha alisema. "Wanasema kweli wote wawili. Nimeijaribu kikiwa juu, ikazima. Nimeijaribu bila, imefanya kazi mpaka sasa. Haitazima tena kwa sababu hii."

"Kwa hiyo mwezi mzima tunapiga patasi kwa ajili ya mapenzi ya hawa wazee." Sikudhani alivuta pumzi ndefu. "Sasa hili nawaambiaje wanakikundi? Nitasema hewa. Ilikosa hewa. Si ndiyo kweli?"

"Ndiyo kweli," Ritha alisema.

"Basi injini ya dizeli ikae hukohuko stoo iote kutu." Alichukua mwavuli wake, na mlangoni akageuka. "Calist, kesho uje mapema. Kuna magunia kutoka Mtinko."

"Lini sikuja mapema?"

Calist alibonyeza kitufe chekundu, akakata umeme kwenye swichi kuu. Mngurumo ulipokwisha, sauti za barabarani ziliingia chumbani moja moja. Ritha alifunga begi lake, ambalo siku nzima hakuwa ametoa humo zaidi ya kipimo kimoja, akawaeleza kwa mara ya mwisho: ikiwa imezimwa na imepoa, ifunikeni, ikiwa inafanya kazi, hata ukija, mama, hata akija mkuu wa wilaya, iwe wazi.

"Imepoa?" Dorkas aliuliza. Alikuwa ameshakikunjua kitambaa, ameshika kona mbili.

Calist alinyoosha mkono wa kushoto, kisha akausitisha. Akaushika ule wa kulia kwa kifundo, akauinua, akaulaza juu ya sanduku.

"Huo haujui joto," Dorkas alimwambia.

"Subiri."

Vidole vililala juu ya chuma, vimepinda kidogo, havitikisiki. Calist alikuwa amefumba macho. Ritha alisimama mlangoni, begi begani, naye hakuondoka.

"Bado ina joto," Calist alisema. "Bado kidogo."

Dorkas akashusha kitambaa, akasogea karibu naye, wakasubiri.